Mfuko wa Sementi Juu ya Kichwa cha Mwitalia

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Habari kubwa! Injinia Ezio, Mwitalia wetu, ametangaza asubuhi: tangi la maji la shule ya masista litakwisha Jumamosi, kisha yeye anahamia Luena kujenga lingine. Atakwenda na mtu mmoja tu kati yetu. Wengine, asante na kwaheri.

Huyo mmoja lazima niwe mimi, Mukuna. Kwetu ni Kananga, Kasai, mbali, na treni hupita inapotaka yenyewe. Mke wangu Bitota anaamini kwamba mimi ni kapita hapa, msimamizi wa vibarua. Nilimwambia hivyo kwenye simu, siku moja nilipokuwa nimechoka. Nikirudi sasa mikono mitupu, na mgongo huu mbovu, sijui nitaanzia wapi.

Mpinzani ni Kisimba, mwashi, mtoto wa Kamina hapa hapa. Anajua kunyoosha ukuta. Basi. Juu ya Waitalia hajui kitu!

Mimi nawajua. Nawapenda tangu utoto. Padri mmoja Mwitalia alinipandisha pikipiki yake kunirudisha nyumbani, akaimba njia nzima, akafumba macho kwenye sauti ya juu, tukaingia katika shamba la mihogo la baba yangu. Shule niliiacha mapema na mengi nimeyasahau, lakini hilo sijalisahau. Mengine nimefundishwa na Stanislas, kinyozi wa karibu na stesheni, ambaye hutazama mipira yao yote: Mwitalia husema kwa mikono, hula spageti, hulia upesi, na mama yake ni malkia. Nimeyashika.

Mchana kapita wetu, Papa Monga, alinituma sokoni kununua misumari. Kwa nini mimi? Eti mimi Mkasai, na Wakasai wanajua biashara. Watu wa Kamina wanafikiri Mkasai huzaliwa na mizani mkononi. Mimi! Wauzaji wakiniona wanafurahi kama wameona ndugu aliyepotea. Nimerudi na misumari iliyopinda. Ujinga huu wa kupima mtu kwa kwao utakwisha lini?

Jumanne, tarehe 10

Mpango wa mikono.

Nilikuwa juu ya jukwaa napokea chokaa. Papa Monga alikuwa chini, ameshika kamba ya ndoo. Injinia akatokea. Nikamsalimu kama Stanislas alivyonionyesha: vidole vyote pamoja, juu, chini, kwa upendo. Papa Monga akaona mkono unashuka. Katika kazi yetu mkono ukishuka, kamba inaachiwa. Akaachia.

Ndoo haikumpiga Injinia. Chokaa ndiyo ilimpiga, kuanzia magotini kwenda chini.

Hakupaza sauti! Wala hakutoa mikono mfukoni. Aliniambia polepole kwamba nikiwa na neno, nina mdomo. Mwitalia gani huyu anayeweka mikono mfukoni?

Wakati wa kula, Kisimba alimsimulia Mama Marceline, mpishi wetu, habari ya ndoo. Alisimulia kwa mikono miwili na mabega, mpaka Mama Marceline akaondoa sufuria ya sombe, majani yetu ya mihogo, isije ikamwagika. Sielewi.

Jumatano, tarehe 11

Mpango wa spageti.

Nilinunua pakiti mwenyewe. Nilimsihi Mama Marceline aniachie jiko moja. Spageti ni ndefu na inamsumbua mtu kinywani, kwa hiyo niliivunjavunja vipande vifupi. Niliichemsha tangu asubuhi ili iwe laini vizuri. Nikatia mawese, samaki wa chumvi wa makayabu na pilipili ya kutosha. Mwishoni ilisimama katika sahani yenyewe, kama bukari, ugali wa huku. Nilijivunia sana.

Injinia aliitazama muda mrefu. Akaweka kijiko kimoja mdomoni. Machozi yakamtoka!

Stanislas alisema kweli. Wanalia! Nilisimama karibu nipokee shukrani. Injinia alikunywa maji, akanywa mengine, akamuuliza Mama Marceline kama bukari imebaki. Akala bukari na sombe kwa mkono, kimya, kama mzee wa huku, wa Kabondo-Dianda.

Kisimba ndiye aliyemaliza spageti yote. Alibusu vidole vyake. Kisha akaimba.

Nimekaa nikifikiri. Mikono, spageti, nyimbo. Inawezekana Mwitalia hapa ni Kisimba?

Alhamisi, tarehe 12

Niandike moja moja, maana leo ni mengi.

Kila mchana Injinia hukaa kwenye ngazi ya tangi, penye mtandao mzuri, anaongea kwenye simu na mama mmoja mzee. Sura ya mama inaonekana kabisa. Mama anacheka, Injinia anacheka. Nikasema, huyu ndiye malkia. Nikimshika mama, nimemshika mtoto.

Leo nilioga kabla ya mchana. Nikasogea, nikapiga magoti mbele ya simu, nikamsalimu kwa Kiluba cha kwetu, moyo, mamu, kisha kwa Kiswahili nikamshukuru kwa kutuzalia mtoto mpole namna hii. Injinia alitafsiri. Mama alifurahi, akajibu kwa maneno mengi. Injinia akaniambia, hivi hivi tu, kwamba huyu hakumzaa yeye. Huyu ni mama wa mke wake.

Mama mkwe!

Na Injinia alikuwa na singleti! Kifua nje, bukari shavuni, anamtazama mama mkwe machoni na kumchekea! Mimi tangu nimwoe Bitota sijaona meno ya mama yake. Nikimwona njiani naingia majanini. Mara moja niliingia mtoni. Na hapa aibu kubwa kama hii, mchana, kwenye shule ya masista!

Sikufikiri. Nilichukua mfuko mtupu wa sementi nikamfunika Injinia kichwa.

Alianza kupigana na mfuko. Nikasikia mtu amekuja upande wa pili na kuushika pia. Kisimba! Yeye ni Mluba wa Kamina, mimi wa Kasai, lakini mama mkwe ni mama mkwe. Alikuwa ameipa simu mgongo, macho amefumba.

“Masikio iko inje, Mukuna,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Vuta chini.”

Nikavuta chini.

Papa Monga alitutoa. Injinia alikohoa mpaka saa ya kazi. Nywele zake zimekuwa za mzee. Papa Monga ameniambia nianze kuulizia treni.

Ijumaa, tarehe 13

Sijalala vizuri. Lakini nimeelewa kosa langu: kumfunika mtu hakutoshi. Kwetu aibu ya mama mkwe inalipwa. Mtu anatoa mnyama, mama anapokea, mambo yanakwisha. Injinia hana ndugu hapa wa kumlipia. Nani atamlipia kama si mimi?

Alfajiri nilienda sokoni. Nilipata kuku kwa bwana mmoja anayesema kwao ni Kabongo. Alishika mkono wangu akaapa kwamba ni jike, na kwamba anataga kila siku. Nilimwamini. Ana uso mzuri.

Mchana Injinia alipanda ngazi, safari hii na shati, akatutazama mimi na Kisimba kabla ya kufungua simu. Nikamwomba ruhusa. Nikapiga magoti, nikainama nisimwone mama, nikanyanyua kuku mbele ya simu kwa mikono miwili. Nikasema kwamba mtoto wenu hakufundishwa, ni mgeni, msimhesabie, huyu jike ni wa kufuta aibu yake.

Kuku akawika.

Akawika tena, shingo ndefu, kabisa mbele ya sura ya mama.

Kwenye simu kukawa na kelele. Nikachungulia kidogo, Mungu anisamehe. Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, anapunga mikono juu, anawaita majirani. Majirani wakaja. Wote wakapunga mikono. Mmoja akaimba! Nilisikia furaha kifuani kama ile siku ya pikipiki. Hao ndio watu wangu!

Injinia alielezwa kitu kirefu. Akaitika, akaitika tena. Jogoo amefungwa kwa Mama Marceline, ambaye anamtazama kwa namna nisiyoipenda.

Jumamosi, tarehe 14

Tangi limejaa, halivuji. Masista wamepiga makofi.

Injinia alituita. Akasema atakwenda Luena na Kisimba, na alikuwa ameamua hivyo siku nyingi, kwa sababu ya kuta zake. Nikaona uso wa Bitota. Nikampa Kisimba mkono, na si uongo nikisema nilimpa vizuri, maana alishika mfuko upande wake.

Kisha Injinia akaninyooshea kidole. Akasema mama mkwe amempigia jana jioni na leo asubuhi, na hatapata amani nyumbani kwake kama yule mtu wa kuku ataachwa. Kwa hiyo ametafuta kazi nyingine ya kunipa. Atahitaji mnunuzi wa vifaa, mtu wa kwenda sokoni na kupatana bei.

“Weye Mukasai, hapana?” akasema. “Bakasai banajua biashara. Bantu bote banasema.”

Kisimba alianza kukohoa. Papa Monga alitazama mawingu.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikamkumbuka Bitota. Nikasema ndiyo, patron, tunazaliwa hivyo.

Jumapili, tarehe 15

Nimempigia Bitota. Nimemwambia nimepandishwa cheo kutoka ukapita. Akauliza kama nimelewa.

Stanislas amenyoa ndevu zangu bure. Namwambia kila mtu: Waitalia wana jicho la kutambua watu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba najua biashara, Mwitalia akaniona.

Baada ya misa nimefanya kazi yangu ya kwanza, kununua mifuko ya sementi ya kuanzia kazi huko Luena. Sikuzunguka soko zima kama watu wasiojua. Nilienda moja kwa moja kwa yule bwana wa Kabongo. Watu wa Kabongo hawajui kudanganya, hilo linajulikana. Kwa habari ya kuku alishangaa kuliko mimi. Aliapa kwamba alipomuuza alikuwa jike.

Mifuko nimeibeba mwenyewe mpaka stesheni, miwili miwili, na mgongo haukuniuma hata kidogo. Ni myepesi ajabu. Watu wa Kabongo wana huruma, hawapendi kumchosha mtu.