Tarehe ya Mzee Pimamaji na Gari Lililojisawazisha Lenyewe

Sogezeni viti, enyi mliowahi kubishana na kifaa mkashindwa. Karibuni nanyi mliokwisha kutia kitabu cha maelekezo kwenye droo moja na betri zilizokufa. Zimeni redio, mtoeni paka nje, kwa maana leo hawasimuliwi wafalme waliovuka majangwa, wala majemadari walioteka miji yenye kuta saba. Leo linasimuliwa jambo zito kuliko hayo: jinsi mtu mmoja, kwa kiburi chake na pima maji yake, alivyoitoa nyumba ya magurudumu nje ya lango lake mwenyewe, umbali wa hatua ishirini na tatu, kwa muda wa saa nne kasoro.

Mtu huyo aliitwa Mzee Pimamaji, Mnyoosha Kuta, Adui wa Pembe Zilizopinda, msimamizi wa waashi kwa miaka thelathini na minane mpaka alipostaafu. Jina hilo alipewa na mafundi wake, kwa kuwa hakupata kuonekana bila kile kipande cha bati gumu chenye kichupa cha maji ya kijani na povu moja linaloelea ndani. Povu likikaa katikati, ukuta ulipona. Likikimbilia upande, ukuta ulibomolewa, na aliyeujenga alikwenda nyumbani mapema. Mwandishi wa tarehe hii, yaani historia hii, anamjua vizuri sana shujaa huyo: wanavaa kofia moja na wanasumbuliwa na goti moja. Kwa hiyo yatakayosemwa hapa ya kumsema ni ya kweli, na yatakayosemwa ya kumsifu yapunguzwe kidogo.

Silaha yake ya pili ilikuwa elimu. Akiwa na umri wa miaka arobaini na moja aliingia madarasa ya jioni, akaketi kwenye dawati lililomfinya mapaja, na mwalimu akamwambia neno ambalo hakulisahau: mwanafunzi mzuri haruki kurasa. Tangu usiku ule hakuruka hata mmoja. Kamusi aliianza kwenye A, na wakati wa habari hizi alikuwa amefika M, kwa sababu hiyo maneno ya kuanzia N na kuendelea aliyatumia kwa tahadhari.

Basi ikawa binti yao, tabibu wa meno, aliwaachia wazazi wake kwa juma moja gari lake kubwa na tela lake, ile nyumba ndogo nyeupe yenye kitanda cha kukunja, jiko la mafiga mawili na dirisha pana kuliko yote ya nyumba yao ya matofali. Akamkabidhi baba yake kitabu chenye kurasa mia nne na themanini, akasema, "Baba, gari hili linajisawazisha lenyewe. Ukilifunga tela, nyuma itazama kidogo, halafu litajiinua kwa mifuko yake ya hewa. Wewe soma tu ukurasa wa mia mbili na kumi."

Mzee Pimamaji alitabasamu kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. Linajisawazisha lenyewe. Jioni ile alikifungua kitabu ukurasa wa kwanza. Kulipokucha siku ya safari alikuwa amefika ukurasa wa tisini na nne, nao ulihusu namna ya kupasha viti joto.

Sasa sikilizeni lililokuwa kwenye mizani asubuhi ile. Mkewe alikuwa amesubiri. "Nikistaafu, mama, nitakupeleka ziwani," alimwambia mwaka walipooana, akamwambia tena kila mwaka nyumba nyingine ilipokwisha kupauliwa. Akastaafu; ikapita miaka minne, na katika miaka hiyo aliupiga ukuta wa uani lipu mara mbili. Mama hakutaka makuu. Alitaka kuamka asubuhi moja, afungue pazia, aone maji. Mapazia yenyewe alikwisha kuyashona na kuyatundika. Lakini alfajiri ile, akimimina chai kwenye chupa, alisema bila kununa:

"Dada yangu ameniwekea kiti kwenye basi la ziwani la saa sita na nusu. Saa sita ikinikuta bado uani, nachukua mkoba wangu naondoka naye. Wewe utakuja na nyumba yako ukimaliza."

Hakupandisha sauti. Na hilo ndilo lililomtisha shujaa, maana miaka arobaini ya ndoa ilimfundisha kwamba mama akigomba jambo bado lipo, ila akisema kwa upole jambo limekwisha. Akipanda basi lile, hatamwomba tena kumpeleka popote.

Saa mbili kamili vita vikaanza. Shujaa aliliwasha gari, akauacha mlango wa dereva wazi, akatundika koti lake juu yake. Msimcheke. Ilikuwa sheria yake ya kazini, iliyowahi kuokoa miguu ya watu: injini ikinguruma na kuna mtu nyuma ya gari, mlango wa dereva uwe wazi, kelele zisikike. Akaishusha shingo ya tela juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari, ikaingia, ikalia ka! Akarudi nyuma kutazama utukufu wake.

Nyuma ya gari ilikuwa imezama vidole vitatu. Shingo ya tela ilikuwa imeinama kama mwenye aibu. Akaiweka pima maji juu yake, na povu likakimbilia nyuma.

"Ndivyo linavyojisawazisha," alisema kwa furaha ambayo haikuwa ya haki.

Ulimi wa chuma uliobeba lile tufe ulikuwa na matundu matatu, juu, kati na chini, na binti yao alikuwa amelifunga tufe kwenye la kati. Shujaa akalifungua tela, akalihamishia tufe tundu la juu, akafunga tena. Povu likaja katikati, likatulia kama mwali. Mzee Pimamaji akatwaa koti lake, akaingia garini, akafunga mlango kwa kishindo cha ushindi. Ndipo chini ya kiti kukasikika mngurumo mdogo, kama paka aliyekumbuka jambo, na nyuma ya gari ikaanza kupanda. Ikapanda vidole vitatu. Alipotoka kutazama, tela lilikuwa limeinua pua juu kama mbwa aliyesikia harufu ya nyama kwa jirani, na povu limekimbilia mbele.

Koti likarudi mlangoni. Tufe likarudi tundu la kati. Ila kulifungua tela kulitaka gari lisogezwe mbele hatua moja; akaingia, akafunga mlango, akasogea, na gari, lilipojiona jepesi, likashusha pumzi ndefu, fsss, likakaa chini. Akalirudisha nyuma, akatoka, akaacha mlango wazi, akafunga tela. Nyuma ikazama vidole vitatu.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Alipoinua, gari liliinua. Aliposhusha, gari lilishusha. Kila mmoja alisahihisha masahihisho ya mwenzake, na katikati yao povu lilikimbia mbele na nyuma kama shahidi aliyehongwa na pande zote mbili. Ikapita duru ya pili, na ya tatu, na ya nne. Jasho likamtoka shujaa, na goti, yule msaliti wa zamani, likaanza kulia kila alipochuchumaa.

Juu ya ukuta ule uliopigwa lipu mara mbili kikatokea kichwa cha jirani, dereva mstaafu wa malori, ambaye mtaa mzima ulimwita Breki.

"Jirani, hiyo ni mara ya ngapi?"

"Ya kwanza iliyo kamili," alisema Mzee Pimamaji.

"Maana mimi nimekwisha kunywa chai mara mbili." Akaegemeza viwiko vyake ukutani. "Kuuliza si ujinga, mzee mwenzangu. Hilo gari lina kitabu."

Hapo shujaa akasimama wima kadiri goti lilivyoruhusu, akainua pima maji kama upanga, akanena: "Ewe Breki, mtu wa barabara. Mimi nimesimamisha shule tatu, zahanati mbili na ghorofa sita, na upepo umezipiga, na mvua imezipiga, wala hakuna hata moja iliyoinama upana wa ukucha. Nimewanyoosha mafundi waliokuwa wamepinda kuliko kuta zao. Leo nifundishwe unyoofu na mfuko wa hewa?"

Breki akafikiri.

"Sawa," alisema. "Lakini ghorofa haiondoki, jirani."

Neno hilo lilimpata penyewe. Akaangalia saa yake: saa tano na dakika ishirini na tano. Wakati huohuo mlango wa jikoni ukafunguka, mama akatoka na mkoba begani, amevaa viatu vya safari. Hakuangalia tela. Akamwangalia mumewe, magoti yake yenye vumbi, mikono yake myeusi kwa grisi, na kitu fulani usoni mwake kikalegea, si sana. Akaweka mkoba juu ya ngazi, akaingiza mkono dirishani mwa gari, akachukua kitabu, akakifungua ukurasa wa mia mbili na kumi.

"Mke wangu," alisema shujaa, na sauti yake ilitetemeka kweli, "umeruka kurasa mia moja na kumi na tano."

"Nimeruka. Na sijaanguka."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya shule: "Fungeni tela. Washeni injini. Fungeni milango yote. Mlango wowote ukiwa wazi, gari halitapanda wala kushuka, kwa usalama wa watu walio karibu. Subirini. Msirekebishe chochote mpaka gari limalize."

Akalitazama koti lililoning'inia kwenye mlango wa dereva. Mumewe akalitazama. Hata Breki, juu ya ukuta, akalitazama.

"Ni sheria ya kazini," alisema Mzee Pimamaji polepole.

"Naijua. Ni sheria nzuri, na hilo gari nalo linayo hiyohiyo. Tangu saa mbili mnapishana kwa adabu." Akakifunga kitabu, akiacha kidole ndani. "Baba, mimi nimekaa na wewe miaka arobaini. Ukininyooshea kabati, nakungoja utoke, halafu naweka vyombo. Hili gari lingekungoja mpaka kesho. Mimi nina basi."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Funga mlango, ukae. Subira. Iko kwenye S, najua hujafika."

Enyi mnaosikiliza, wapo mashujaa waliopigana na simba kwa mikono mitupu, nasi tunawaheshimu. Lakini nani kati yao aliambiwa aiweke mikono hiyo magotini na kuacha jambo liende bila yeye? Mzee Pimamaji alilifunga tela kwa mara ya mwisho, tufe likiwa tundu la kati, pale binti yake alipoliacha. Nyuma ikazama vidole vitatu. Mikono ikamwasha. Akavaa koti lake. Na kwa kuwa akiwa ndani hangeweza kuliona povu, alifanya jambo ambalo mafundi wake, wakilisikia, watadhani ni uzushi: aliita ukutani, "Breki. Njoo unishikie hii."

Breki akapita langoni taratibu, akaipokea pima maji kwa mikono miwili. Hakuna mtu aliyewahi kuazimwa kifaa kile. Akaiweka juu ya shingo ya tela. Mama akaketi kiti cha abiria, mkoba mapajani, akafunga mlango wake. Mzee akafunga wa kwake.

Mngurumo mdogo ukaanza.

"Povu liko wapi?" aliuliza kupitia dirishani, macho mbele.

"Linatembea."

"Linakwenda wapi?"

"Jirani, linatembea. Tulia."

Vidole vyake vilicheza juu ya usukani. Mama akauweka mkono wake juu ya vidole hivyo, navyo vikaacha. Mngurumo ukaendelea, ukapungua, ukakoma. Ndani ya gari palikuwa kimya kama chumba kipya kabla ya samani.

"Limekaa," alisema Breki.

"Katikati?"

"Katikati kabisa. Hata wewe usingeliweka hivi. Shuka uone."

Tarehe na iandike, na watoto wafundishwe: mkono wa Mzee Pimamaji ulikwenda kwenye kitasa cha mlango, ukakigusa, ukakaa hapo muda wa kumeza mate mara moja, kisha ukarudi kwenye usukani.

"Sishuki," alisema. "Nimekuamini."

Ikiwa saa sita kasoro dakika nane, gari likasogea, na tela likalifuata, bapa kama meza ya shule, likapita hatua ishirini na tatu za uani, likapita nguzo ya kulia ya lango kwa upana wa kiganja, na ya kushoto kwa upana wa kiganja. Breki alitembea kando yake mpaka barabarani, amekumbatia pima maji kama mtu aliyepewa mtoto wa kushika, akainyoosha dirishani.

"Usisahau hii."

Shujaa akaitazama. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa akitazama barabara.

"Nitunzie mpaka tutakaporudi," alisema. "Isilale kifudifudi."

Mama akatoa simu mkobani, akapiga, akangoja.

"Dada," alisema, "kile kiti mpe mtu mwingine." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Ndiyo, ametoka. Ametoka na nyumba nzima."

Hivyo ndivyo lango lilivyopitwa siku ile, na sifa ziwaendee wote waliostahili: gari lililojua kungoja, mama aliyejua kuruka kurasa, na mtu mmoja mwenye koti la vumbi aliyekaa kimya kwa dakika nzima na asirekebishe chochote. Walipofika taa za kwanza za barabarani, zikiwa nyekundu, alikohoa na kumwomba mkewe, kama hatachoka, amsomee ukurasa wa tisini na tano.