Laptopu Tatu na Chumba Chenye Ufunguo

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imefika! Mkuu wa ofisi ameleta laptopu tatu za majaribio, kila moja ya kampuni yake: Kimondo, Nanga na Zumaridi. Wauzaji wametuachia wiki moja. Itakayoshinda kwa uimara na kwa bei, tutanunua kumi na mbili. Mimi na Mama Mihuri wa masjala tumeambiwa tuzipime, kila mtu aandike ripoti yake. Mwenye ripoti bora atakuwa Msimamizi wa Vifaa. Cheo hicho kina chumba. Chumba kina mlango. Mlango una ufunguo! Miaka tisa nimekaa kando ya mashine ya fotokopi, na kila anayekuja kutoa nakala ananiuliza kama nimenenepa.

Mama Mihuri ameanza kwa kusoma vijitabu vya maelekezo. Anasoma! Maskini wa watu.

Mimi sina haja. Zumaridi inauzwa na shemeji, kaka wa mke wangu. Nimeshampigia simu. Ameniahidi moja ya kwangu, pamoja na mkoba wake. Mshindi anajulikana. Kilichobaki ni kupima.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima kisawasawa, mtu asije akasema. Nimechaji zote zikajaa, nikazichomoa saa mbili asubuhi, nikaziwekea video ileile ya harusi ya binamu yangu. Zumaridi imezima saa tatu na dakika kumi. Bibi harusi hajashuka hata garini! Kimondo imekwenda mpaka saa saba mchana. Nanga tumeiacha tunafunga ofisi, watu bado wanacheza.

Herufi M ya Zumaridi lazima uigonge kwa hasira. Feni yake inanguruma kama pampu ya maji. Bei? Nanga imeizidi kidogo tu, tena ina dhamana ya miaka mitatu. Ya Zumaridi ni miezi mitatu. Nimempigia shemeji kumuuliza. Amesema huenda sijaizoea.

Yote nimeyaandika daftarini, safu kwa safu, bila kuruka dakika. Kazi safi kabisa. Imeniudhi mno.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni nywele, na mimi ninazo! Nembo za mifuniko zimebandikwa tu. Leo nimefika wa kwanza, nikazibandua kwa kisu cha bahasha. Ya Zumaridi nikaibandika juu ya Nanga, ya Nanga juu ya Zumaridi. Kisha nikawaita wafanyakazi wote wajaribu na kupiga kura. Haki tupu.

"Zumaridi" imeng'ara! Katibu muhtasi amechapa barua ishirini bila kuchaji. Dereva ameikalia kwa bahati mbaya, na dereva wetu si mtu mdogo. Imelia kidogo, ikaendelea na kazi. "Nanga" imemzimikia mhasibu mara nne. Akalalamika pia kwamba kila ikiwaka inaandika Zumaridi kwenye kioo. Nikamwambia ni tangazo la biashara. Akaamini. Na huyu ndiye anayetushikia hesabu!

Ijumaa asubuhi nitarudisha kila nembo mahali pake, wauzaji wazichukue mali zao. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mtunza stoo amepita na kopo lake la rangi nyeupe. Hapa kwetu kila kinachovuka geti kinaandikwa namba: viti, ndoo, saa ya ukutani. Mwaka jana aliandika mwavuli wa mgeni, na mwavuli uko hapa mpaka leo. Nimerudi kutoka chooni nikakuta laptopu zote tatu zina namba, na zimeingizwa kwenye daftari la mali kwa majina ya nembo zangu. Nikamwambia ni za majaribio. Akanijibu kwamba daftari lake halina safu ya majaribio.

Kilichopakwa rangi hakitoki. Mkuu ameshusha pumzi, akakubali zote zinunuliwe. Nembo sasa haziguswi, mtunza stoo kila saa anakuja kuangalia rangi kama imekauka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda! Ripoti imesomwa mbele ya wote. Ni vipimo vyangu vya Jumanne, nimebadilisha majina tu. Mkuu amesema hajawahi kuona vipimo vizuri kama hivi. Mama Mihuri amependekeza Nanga, eti vijitabu vinasema hivyo, na mhasibu akacheka mpaka akakohoa.

"Zumaridi" ameichukua Mkuu mwenyewe. Mimi nimezawadiwa "Nanga". Haidhuru. Nimeingia chumbani kwangu nikafunga mlango. Nikafungua. Nikafunga tena.

Jumatano, 19 Machi

Zumaridi kumi na mbili zimeletwa na shemeji. Ile yangu ya ahadi hakuja nayo. Kaleta mkoba.

Kufika saa nne zote zimezima. Korido nzima ni nyaya za chaja, katibu muhtasi amejikwaa mara mbili. Wanagonga mlango wangu. Nimejifungia, ndiyo faida ya cheo. Mkuu ameniita kuniuliza kulikoni, mbona ya kwake, ambayo yeye haizimi, huifunika tu, ina karibu wiki mbili haijamsumbua. Nilikuwa na majibu mawili: ama shemeji ametuuzia feki, ama wafanyakazi hawajui kutumia. Nikamfikiria mke wangu. Nikasema wafanyakazi.

Alhamisi, 20 Machi

Kikao. Mama Mihuri ameingia na laptopu ya Mkuu na yangu, akazilaza kifudifudi mezani. Kumbe chini kuna jina la kiwanda, kwa maandishi madogo! Kisha akaigeuza ya Mkuu, akaikwaruza nembo kwa ukucha. Ikadondoka. Mhasibu akakumbuka lile tangazo, akanitazama kwa jicho baya sana.

Mkuu akaomba daftari langu. Akasoma safu zote za Jumanne, polepole, huku mimi natamani ardhi ipasuke. Akasema kama ningempa daftari hilo jinsi lilivyo, Nanga ikiwa juu, angenipa chumba bila kumsikiliza mtu mwingine. Ufunguo amekabidhiwa Mama Mihuri. Mimi nimerudi kwenye fotokopi.

Ijumaa, 21 Machi

Mke wangu ameniuliza kwa upole nilikosea wapi. Swali la haki. Nimelifikiria kutwa nzima, sikujipendelea hata kidogo.

Shemeji hana kosa, alileta alichonacho. Mimi sina kosa, nilipima vizuri, Mkuu mwenyewe kakiri. Mwenye kosa ni Nanga! Ingezima hata mara moja tu pale mezani kwa Mkuu, kwa adabu, nani angeona tofauti? Laptopu isiyozima inagombanisha watu kazini. Nimemwandikia Mkuu kurasa mbili kumshauri aiondoe haraka.

Akikubali, shemeji ana Zumaridi moja ya kujaza nafasi.