Utafiti wa Maji ya Chisense

Barthélemy hakuwa mwizi. Mwizi hubeba vitu vya watu. Barthélemy aliwaacha watu wabebe wenyewe na kumletea, tena wakisema asante. Siku hiyo alikuwa amekaa mbele ya soko la Kashikishi, juu ya gunia lake la chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani. Gunia hilo ndilo lilikuwa mali yake yote duniani. Akiliuza vizuri kule mjini Mansa, angepata mtaji wa kuanza upya. Akilipoteza, mkewe Chouchou alikwisha kumwonyesha pa kulala: nje, pamoja na bata.

Simu ikalia. Habari ya afya ikaingia: "Wataalamu wagundua: samaki wadogo hushusha presha kwa nusu."

Akabonyeza aisome yote, lakini bando likaisha palepale. Hakujali. Kichwa cha habari kilimtosha, kama vile "Bwana asifiwe" inavyomtosha mtu asiyependa kukaa mahubiri yote.

Shida ilikuwa moja: nani atanunua dawa anayoikaanga kila jioni nyumbani kwake? Shetani, ambaye hana likizo, akamnong'oneza jibu. Barthélemy akachemsha konzi chache za chisense, akachuja, akatia maji yake kwenye chupa za kuokota, akayapa rangi kwa majani ya chai. Harufu ile ingemfufua maiti, kisha ingemfanya aombe kufa tena.

Kesho yake akavaa koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama, akiwa ameligeuza ndani nje kuficha damu, akapanda juu ya kreti sokoni.

"Bamama na bapapa! Utafiti! Utafiti umefika!"

Neno hilo ndilo lililomponza. Pwani ile ya ziwa Mweru watu wa utafiti wamekuja miaka mingi kwa sababu ya mbu na malaria. Huchoma vidole, huchukua tone la damu, kisha hugawa sabuni na kinywaji baridi. Kwa wauza samaki wa Kashikishi, basi, utafiti haukuwa habari ya kusomwa. Ulikuwa sikukuu. Kufumba na kufumbua mstari ukasimama mbele ya kreti, kila mtu amenyoosha kidole.

Barthélemy akaona wateja. Moyo wake ukaimba zaburi.

Mbele kabisa alisimama mama Rosaria, muuza chisense, mwanamke aliyeingia kila utafiti uliowahi kukanyaga mchanga ule: wa mbu, wa minyoo, wa macho, na hata ule wa wanaume wazee alijaribu.

"Dokta, tunaanza na kidole ao na chakula?"

"Chakula gani, mama? Hii ni dawa. Unanunua, unakunywa, presha inaanguka nusu. Utafiti umekwisha kufanywa."

"Ku nani?"

"Ku bantu."

"Bantu ba wapi?"

"Ba... ba Ulaya."

"Memory, binti yangu," Rosaria akamwita msichana wa kibanda cha bando, "mupatie Dokta bando. Tusome wote."

Memory akaweka bando, akaishika simu yeye mwenyewe, akasoma kwa sauti ya shuleni. Waliopimwa walikuwa panya kumi na wawili. Walikula samaki wazima, si maji yake. Wataalamu wenyewe walisema kwa binadamu bado haijulikani.

"Panya eko na presha?" mtu akapiga kelele. "Nani anamusumbua?"

"Paka!" soko zima likajibu.

Barthélemy akaanza kukusanya chupa zake. Rosaria akamshika mkono kwa upole wa mama wa kanisa.

"Usikimbie, mutoto yangu. Kama ilikuwa panya tu, sasa shiye tuko hapa. Shiye bantu. Utupime! Presha ikishuka, siku ya Mungu nitatoa ushuhuda mbele ya kanisa. Bantu ba kule Kafutuma batasikia. Ba Kilwa, ng'ambo ya ziwa, batavuka na mitumbwi kutafuta chupa yako."

Barthélemy akaiona mitumbwi hiyo, imejaa wagonjwa wenye pesa. Mtego wa mwenzako siku zote hunukia kuliko wako.

"Tufanye namna gani, mama?"

"Makundi mbili. Moja linakunywa maji. Ingine linakula samaki nzima na bukari. Kisha tunalinganisha. Bila kulinganisha si utafiti, ni makelele."

Gunia la Barthélemy likafunguliwa. Sufuria kubwa ya misiba ikaletwa, na unga wa bukari, ule ugali wa kwao, nyanya na mafuta, ambavyo Dokta alivikopa kwa jina lake. Ikafika saa ya kunywa. Mama wa kwanza akasema yuko kwenye kufunga na kuomba. Wa pili akasema ana mimba, ingawa alikuwa na vitukuu. Wa tatu akasema dini yake inakataza, na hadi mchana ule hakuwa na dini. Wote wakahamia kundi la kula, na yule wa kufunga akafungua.

"Kundi la maji liko tupu," Rosaria akasema kwa huzuni kubwa. "Utafiti utakufa. Umebakia weye tu, Dokta."

Kwa ajili ya mitumbwi ya Kilwa, Barthélemy akanywa. Chupa moja, nyingine, nyingine tena. Huku nyuma kundi la kula likazidi kupata washiriki, hata wasafiri wakashuka kwenye basi dogo la Mansa kuja kuisaidia sayansi.

Muuguzi Agness akaitwa na kipimo chake cha presha. Akawapima kina mama, walioshiba na kunyoosha miguu kivulini: nzuri, nzuri, nzuri. Zamu ya Barthélemy ilifika wakati uleule Rosaria akikung'uta gunia kutoa vumbi la mwisho. Agness akakitazama kipimo kinavyopanda, akakigonga akidhani kimeharibika.

"Eh, papa! Ulale chini!"

Rosaria alikuwa tayari juu ya kreti, na magunia yake mwenyewe pembeni.

"Utafiti! Wa hapa hapa kwetu! Benye kula samaki nzima, presha muzuri! Mwenye kunywa maji, muone vile analala! Chisense ya Rosaria, mukuje!"

Watu wakasukumana. Kutoka mchangani Barthélemy akainua kichwa.

"Hapana! Huo si utafiti! Kundi la maji lilikuwa mutu mumoja! Na huyo mutu mumekula gunia yake yote! Hamuwezi kusema ni samaki!"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema kweli tupu bila kuuza kitu. Mama mmoja akamruka, pesa mkononi, akielekea kwa Rosaria.

"Nyamaza, papa. Uko nani weye, ya kubishana na utafiti?"