Chuo Kisichokuwa na Pengo Hata Moja

Jumatatu, 3 Februari 2025

Barua imefika chuoni asubuhi, na ndani yake mna matusi. Imetoka kwa kampuni inayotunza mitambo ya hoteli za Diani: kufuli za milango zinazofunguliwa kwa kadi, paneli za sola, mashine za kupoza hewa. Wanasema vijana wetu huhitimu na vyeti vizuri, lakini ukimpa mmoja kufuli ya kadi huigeuzageuza kama samaki asiyemjua jina. Kwa hivyo wanataka kushirikiana na chuo kimoja, kimoja tu, katika kaunti nzima. Chuo hicho kitaletewa meza za kazi na vifaa, na wanafunzi wake watachukuliwa kwenye karakana ya kampuni miezi mitatu mitatu.

Bi. Fauzia, mkuu wa chuo, akaniita ofisini. Akanikumbusha kwamba mimi, Jaafar Chirau, ndiye mkuu wa idara ya teknolojia hapa Msambweni. Kana kwamba nimesahau! Akanikumbusha pia kwamba katika wanafunzi kumi na mmoja waliohitimu mwaka jana, hakuna hata mmoja aliyepata kazi ya fani yake. Idara isipopata mshirika itafungwa mwezi wa Aprili. Wanafunzi tisa waliopo watahamishiwa ushonaji, na mimi nitatafutiwa jambo la kufanya. Miaka kumi na sita mkuu wa idara, halafu nitafutiwe jambo la kufanya.

Papo hapo nikashauri chuo kiwe na Mratibu wa Ushirikiano. Nikalitaja jina langu. Mwalimu Tsofa, anayefundisha umeme, hakushauri kitu. Aliuliza tu kama anaweza kwenda kumalizia taa za bweni la wasichana. Mtu wa kujionyesha sana.

Jumanne, 4 Februari

Fomu ya kampuni imekuja. Kurasa nne. Wanataka tutaje mapengo yetu yote, ya vifaa na ya ujuzi.

Tsofa alikuwa ameshaijaza kwa penseli. Kompyuta sita, nzima mbili. Mita ya kupimia umeme moja, nayo husoma sifuri popote uiwekapo. Kufuli za kadi: wanafunzi hawajawahi kuiona hata moja. Mara ya mwisho mwalimu wa teknolojia kupelekwa mafunzoni: mwaka 2008. Mwalimu wa teknolojia ni mimi!

Nilimwuliza amelelewa wapi. Kwetu mgeni akija na sukari imekwisha, haambiwi. Mtu hupita mlango wa nyuma akaazima kwa jirani, na mgeni hunywa chai tamu akarudi kwao akisifu. Tsofa akasema hawa si wageni, ni mafundi, na fundi anapouliza panapovuja huonyeshwa panapovuja. Nikamwambia aende kwenye taa zake.

Nikafuta kila kitu kwa raba. Mapengo ya vifaa: hakuna. Mapengo ya ujuzi: hakuna. Mahitaji ya mafunzo kwa walimu: hakuna, alhamdulillahi. Nikapiga mhuri mara mbili ili isije ikadhaniwa tuna mhuri mbovu.

Sasa kilichobaki ni kuifanya karakana ifanane na fomu kabla mtu wa kampuni hajaja kuikagua Alhamisi.

Jumatano, 5 Februari

Leo nimeazima kama mtu mwenye arusi.

Amin mwenye saiba ya intaneti huko Ukunda ametoa kompyuta tano. Sharti lake ni kwamba hazitoki bila yeye, kwa hivyo atavaa sare ya chuo aketi nazo kama mwanafunzi. Amin ana miaka arobaini na mbili na upara. Shati limembana, lakini kwa mbali si vibaya. Madrasa wametoa tatu. Shule ya sekondari ya jirani nne. Shemeji yangu Kavumbi, fundi katika hoteli moja huko Diani, ameniletea mlango mzima wa chumba kilichobomolewa, pamoja na kufuli yake ya kadi. Umekuja umelazwa juu ya tuktuk. Njia nzima watu walikuwa wakitupa pole.

Yusra, mke wangu, akasema kwa mbio nilizokimbia leo ningekuwa nimeshajifunza kuufungua. Hana uzoefu wa mikakati.

Jioni akaja Dama. Ndiye mwanafunzi wetu mkali kuliko wote, na ndiye pekee mwenye bisibisi yake mwenyewe. Aliniamkia shikamoo, akauliza kama wanaweza kuifungua ile kufuli leo wajizoeze, maana baada ya kesho hawataiona tena. Nikamwambia vitu vya mgeni haviguswi kabla ya mgeni. Akauliza, basi akiulizwa aseme nini? Nikamfundisha aseme, "Tunavyo vyote." Akairudia mara mbili bila furaha.

Alhamisi, 6 Februari

Siku yenyewe! Niandike kwa utaratibu.

Tulimtarajia mgeni saa nane. Akafika saa sita kasorobo. Injinia Faith, mtu wa Nairobi, buti na fulana. Madafu akayapita. Kiti akakipita. Moja kwa moja hadi karakanani, ambako kompyuta kumi na nne zilikuwa zinameta na Amin ameketi mstari wa mbele akitokwa na jasho.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Mtu wa huku haazimishi kitu bila kukitia alama. Sufuria za arusi hupakwa rangi chini ili zijue kurudi kwao, na kompyuta nazo zilikuwa zimepakwa. Za Amin zina nukta nyekundu ya rangi ya kucha za mkewe. Za madrasa kijani. Za sekondari nyeupe. Injinia akauliza rangi hizi ni za nini. Sikukosa la kusema. Nyekundu, nikamwambia, ni wanaoanza, kijani ni wa kati, nyeupe ni waliobobea. Akaandika. Kisha akamgeukia Amin kwenye nukta nyekundu, akamwuliza ameanza lini. Amin, aliyefungua saiba yake mwaka 2010, akasema ni miaka kumi na tano sasa.

Injinia akaandika hilo pia.

Tukafika kwenye mlango. Akamkabidhi Dama kadi, akasema, "Hebu nionyeshe venye hii kitu inafunguka." Dama akasema tunavyo vyote. Injinia akasema, "Naona mko navyo. Nauliza inafunguka aje." Dama akanitazama. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake. Akafungua mdomo, na kwa jinsi alivyoufungua nikajua anakusudia kusema kweli. Nikamwahi. Nikasema ana mafua, sauti imekauka tangu juzi.

Basi mwalimu mwenyewe aonyeshe, akasema Injinia.

Na hapo ikaadhiniwa! Nikaomba ruhusa. Sijapata kuswali kwa utulivu kama leo. Nikaongeza sunna, nikakaa kwenye uradi mpaka imamu akaja kuniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Niliporudi mgeni alikuwa anamaliza biriani.

Akiondoka, Injinia Faith aliishika fomu yangu akasema, "Mwalimu, kulingana na hizi karatasi, nyinyi hamna shida yoyote." Nikamshukuru kwa moyo wote, nikamfungia na ndizi za njiani.

Ijumaa, 7 Februari

Nimerudisha vitu vya watu. Sare Amin amebaki nayo, anasema mkewe ameipenda.

Wakati mlango unapakiwa, Dama akaomba dakika tano tu na ile kufuli. Kavumbi alikuwa na haraka, nikamwambia Dama asiwe na wasiwasi, zitaletwa mpya mia. Akachuchumaa kando ya tuktuk akawa anachungulia ndani ya tundu la kadi mpaka tuktuk ilipoondoka.

Baada ya swala ya Ijumaa niliwaeleza watu wachache habari za ushirikiano. Wachache wakawaeleza wengine. Nimeagiza kibao kwa seremala: MRATIBU WA USHIRIKIANO. Herufi za kuchonga, si za kupaka.

Jumanne, 11 Februari

Ushirikiano wamekipa chuo cha Kombani.

Barua inasema kampuni ilikuwa inatafuta chuo chenye mapengo makubwa kuliko vyote, kwa sababu msaada ni wa kuziba mapengo. Kombani wameorodhesha thelathini na moja, likiwemo bati linalovuja, na mwalimu aliyeandika kwa mkono wake kwamba hajawahi kuigusa kufuli ya kadi na anaona haya. Sisi tumepongezwa. Tunaombwa tuendelee vivyo hivyo.

Bi. Fauzia aliisoma mbele ya walimu mara mbili, mara ya pili polepole. Tsofa alikuwa anatazama viatu vyake.

Nje wanafunzi wote tisa walikuwa wananingoja. Dama akauliza kama wamekosa kwa sababu wanajua. Nikasema ndiyo, mtu anaweza kulieleza hivyo. Akasema, "Lakini mwalimu, sisi hatujui."

Hakuna aliyecheka. Roho iliniuma kwa muda wa dakika kumi hivi. Kisha nikatambua kosa liko wapi. Kombani wamedanganya! Hakuna chuo chenye mapengo thelathini na moja. Mengine wameyaazima.

Alhamisi, 13 Februari

Dama amehama. Bi. Fauzia ametia saini karatasi zake na Tsofa amemsindikiza hadi stendi. Amekwenda Kombani na bisibisi yake. Wamebaki wanane, na wawili kati yao wananisalimu kwa ufupi.

Lakini kuna mwanya. Kampuni inawaalika walimu wa vyuo vyote vya kaunti waje wasome Kombani, pamoja na wanafunzi wa huko, kila Jumatatu, miezi mitatu. Kabla ya hapo kuna jaribio dogo kwa simu ili wajue kila mtu aanzie wapi. Bi. Fauzia amesema hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nikienda nikakaa darasani, nikarudi najua kitu, atatafuta njia ya kuiacha idara mwaka mmoja zaidi, na wale wanane hawatahamia ushonaji. Tsofa naye atakwenda, kwa upande wa umeme.

Mwaliko unasema hakuna atakayekataliwa kwa kupata alama za chini. Hilo huandikwa kila mara. Mimi si mtoto.

Jumamosi, 15 Februari

Jaribio limekuja. Maswali thelathini. La kwanza: eleza kinachotokea kadi inapowekwa kwenye kufuli. Nikaandika kwamba mlango hufunguka. Nikalisoma jibu langu tena nikaliona limekonda.

Nikaenda kwa Amin. Amin hajui kufuli, lakini anajua kutafuta mtandaoni, na kwa saa moja na nusu alikuwa anasoma na mimi ninanakili. Mambo mengine sikuyaelewa hata herufi, ila niliyanakili kwa usahihi mkubwa. Nilipopita chuoni nikamkuta Tsofa kibarazani, peke yake, anajikuna kichwa juu ya swali la nne. Nilimhurumia. Mwalimu mzima hana hata mtu wa kumsaidia.

Jumapili, 16 Februari

Ushindi!

Injinia Faith amenipigia mwenyewe. Tsofa amepata saba kwa thelathini. Wamempangia kuanza mwanzo kabisa, kiti cha mbele, na karakana ataingia kila wiki. Maskini. Mimi nimepata thelathini kwa thelathini. Peke yangu kaunti nzima! Injinia anasema hawajawahi kuona, na kwamba itakuwa aibu kumkalisha mtu kama mimi kwenye darasa la wanaoanza, kwa hivyo nafasi yangu amepewa mwalimu wa Kombani, yule mwenye haya. Sihitaji kusoma chochote.

Kisha akasema mkufunzi wao amepata udhuru. Je, ningekubali kufundisha somo la kwanza, kesho saa mbili asubuhi, kufuli za kadi, kwa vitendo, mbele ya mameneja wawili wa hoteli? Nikakubali kabla hajamaliza kuuliza.

Nilimpigia Bi. Fauzia kumpa habari njema. Akauliza: kama mimi ninafundisha na nafasi yangu amepewa mwingine, ni nani basi atakayesoma kwa ajili ya idara. Nikamwambia tutalizungumza. Kuna watu hawajui kufurahi.

Yusra amenipigia pasi kanzu nyeupe na koti.

Injinia amenitumia orodha ya darasa. Wako ishirini na wawili. Tsofa yumo. Dama yumo pia, mstari wa mbele. Msichana wa watu amehama chuo, ameacha wenzake, amekwenda mpaka Kombani kutafuta mwalimu wa kumfundisha ile kufuli, na kesho mlango utafunguliwa ataniona mimi. Ninaiwazia furaha yake.

Nitaondoka mapema. Nitapitia kwa Kavumbi kwanza anieleze, kwa ufupi tu, kadi huingizwa upande gani.