Samaki 256 wa Ziwa la Mwadingusha

Likasi, tarehe 12 Julai 1969

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Hesabu ya Samaki

Bwana Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama wa nyumbani kwako na watoto. Sisi huku sokoni tu wazima, isipokuwa kwa jambo ulilotuletea.

Jina langu ni Clémentine. Nauza samaki wa kukaushwa kwa moshi, meza ya tatu ukiingia kwa upande wa reli. Nilianza mwaka 1958 na beseni la kuazima. Leo nina meza ya mbao, kikapu kikubwa na wateja mpaka Kambove. Shuleni nilikaa miaka minne tu, lakini hesabu haimuulizi mtu diploma, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tangazo lako tumelisoma. Linasema ziwa la Mwadingusha limebaki na samaki 256, na kwamba kuanzia tarehe mosi Agosti ni marufuku kuvua kwa miaka miwili. Sasa sheria ya soko letu inasema meza ikikaa tupu siku thelathini, anapewa mtu mwingine. Gertrude, anayeuza makayabu, wale samaki wa chumvi wa kutoka mbali, ameshaipima meza yangu kwa kamba. Siku hizi ananisalimia mara tatu kwa siku, na kila mara anaugonga mguu wa meza kuona kama ni mzima.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumamosi tarehe 14 Juni, kabla ya saa sita mchana, niliuza samaki 311 waliotoka ziwa hilohilo. Ikiwa ziwa zima lina 256, basi mimi peke yangu, asubuhi moja, niliuza samaki 55 ambao hawapo. Waliliwa kwa bukari, yaani ugali, katika kambi ya wafanyakazi ya Shituru, na mpaka leo hakuna mteja aliyerudi kuniambia kwamba alishiba uongo.

2. Njia yenyewe ya kuhesabu siipingi. Bwana Cyrille, agronome wako, yaani mtaalamu wako wa kilimo na samaki, alikuja sokoni akatueleza vizuri, nami nikamsifu mbele ya watu. Ni kama maharagwe. Unatoa ishirini kwenye gunia, unayapaka makaa, unayarudisha, unatikisa. Kisha unachota konzi moja. Ikiwa nusu ya konzi ina makaa, basi gunia lina arobaini. Safi kabisa. Naye akavua samaki 240, akawafunga kila mmoja kipande cha bati chenye namba, akawarudisha majini. Baadaye akawaambia wavuvi walete samaki ofisini ahesabu.

Bwana Mkuu, bati lenye namba! Katika mji huu! Nani hapa hajui maana yake? Mume wa kila mwanamke wa kambini ana matricule, yaani namba yake ya kazi. Mwenye namba ni mtu wa Leta, yaani Serikali: anaamka kwa king'ora, anapokea posho ya unga, na akikosekana anatafutwa. Michel, mvuvi anayeniletea samaki miaka yote hii, alipovua wa kwanza mwenye bati alishtuka, akaniambia: "Mama Clémentine, hii iko na matricule. Iko mutumishi wa Leta. Miye nitakula muntu ya kazi?" Nikamjibu: "Weye, rudisha kwa Leta mali ya Leta, usinitie matatani." Na wenzake wote wakafanya vilevile. Waliwabeba wakiwa hai, katika mabeseni, wakibadilisha maji njiani, kama mtu anayemrudisha kazini aliyetoroka. Wasio na namba, kwa kuwa hawana bwana, walikuja kwangu kwenye moshi.

Basi Bwana Cyrille akapokea samaki 160, na kati yao 150 walikuwa na bati. Akazidisha, akagawanya, akapata 256. Kagawanya bila kosa; nimerudia mara mbili kwa mkono wangu. Wale kumi wasio na bati, Bwana Mkuu, walikuwa zawadi ya wavuvi kwa ajili ya chakula cha mchana cha ofisi yako. Wakahesabiwa kwanza, wakaliwa baadaye.

Nilimweleza haya. Akanionyesha kanuni yake ya hesabu, akanijibu kwa upole: "Maman, formule haibembelezwi."

3. Haya, tusiibembeleze. Tuseme wako 256 kweli. Nusu ni majike, 128. Bwana Cyrille mwenyewe ameandika kwamba jike huzaa mara tatu kwa mwaka, na kila mara ishirini wanakua wakubwa. Nimekaa na kalamu. Baada ya uzazi wa kwanza ni 2,816. Wa pili, 30,976. Mwisho wa mwaka, 340,736. Mwisho wa mwaka wa pili, siku unayotufungulia, ni 453,519,616. Nyavu za kina Michel haziwezi hiyo kazi. Samaki watapanda juu ya ukuta wa bwawa linalotupa umeme, watajaza mitambo, umeme utakatika, viwanda vya Shituru vitazima, shaba haitatoka, na redio zitanyamaza katikati ya hotuba. Kisha watauliza: nani alikataza watu kuvua? Bwana Mkuu, mimi ni raia mwema. Sitaki kuonekana nilijua nikakaa kimya.

Bwana Cyrille akacheka, akasema hawataongezeka hivyo milele, chakula chao kitaisha. Hapo ndipo nilipomshika! Hata mimi najua. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Akija shemeji Urbain na wake zake na watoto, wiki ya kwanza ni furaha. Wiki ya tatu, sufuria ndiyo inayosema basi, wala si mimi. Ziwa nalo lina sufuria yake. Likijaa, samaki wa ziada atakonda, atakufa, na atanuka. Si afadhali aondoke mapema, kwa heshima, juu ya meza ya tatu?

4. Na hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Katika formule yake kubwa kila kiumbe ana herufi. Samaki ana herufi. Ndege mla samaki ana herufi. Mamba, ambaye hajawahi kulipa ushuru wa soko hata siku moja, ana herufi. Sisi wanawake kumi na wanane wa sokoni, tunaokula na kulisha Likasi nzima, hatuna. Samaki wakipungua, ndege watapungua, karatasi yake inasema hivyo na inasikitika kwa mstari mzima. Sisi tukipungua, hakuna anayejua.

Kwa hiyo naomba: uhesabu upya, safari hii kwa alama isiyofanana na ya kazi, uache ziwa wazi, kwa maana limejaa, na nipewe herufi. Yoyote itanitosha, hata ndogo.

Msalimie Bwana Cyrille, sina kinyongo naye. Wasalimie makarani wako waliokula wale kumi. Gertrude usimsalimie, atakuja mwenyewe.

Ni mimi, ninayesubiri jibu nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili,

Clémentine

P.S. Karibu nisahau. Nimekutumia samaki thelathini katika bahasha hii ya barua. Ndiyo, bahasha, wameenea. Wale 311 wa Juni walijaza kikapu changu kimoja, kikapu kilekile ambacho mwaka nilipokinunua kilijaa kwa samaki 40. Hesabu hiyo nimekuwa nikiifanya muda mrefu, lakini sijamwonyesha mtu. Hata Michel siku hizi anatumia wavu wa kuzuia mbu. Ukiona lazima ufunge, basi funga ile miezi minne ya mvua, wanapozaa zaidi, na utuandikie sokoni kwamba meza zetu zisiguswe. Wavuvi waambie ni Bwana Cyrille aliyesema. Hao thelathini wachemshe wote pamoja: wanatosha mtu mmoja, akiwa hana njaa.