Rita wa Kisongo

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka sebuleni kwangu mwenyewe, hapa Sombetini, mbele ya jumuiya nzima ya sala na mama mkwe akiwa amekalia kochi kubwa.

Kwanza mjue kwamba katika nyumba hii adui wa tamthilia ni mimi. Mke wangu, Mama Neema, akiwasha tu nasema, "Hizo ni za watu wasio na kazi." Nimesema hivyo miaka sita (bila aibu). Sasa wiki hii kuna kituo kinarudia tamthilia ya polisi ya zamani, ya enzi za TV za chogo, imewekewa sauti za Kiswahili. Mimi natoka karakana mapema, mke wangu anakuwa bado dukani. Jumatatu niliiangalia kwa bahati mbaya. Jumanne kwa makusudi. Kufikia jana nilikuwa nafunga mapazia.

Na jana ndiyo ilikuwa balaa! Kuna mama anaitwa Rita. Amefiwa na mtoto, mume amemkimbia, majirani wanamwita kichaa. Amejifungia jikoni na bastola. Sajenti mmoja mtu mzima yuko nje ya mlango anambembeleza taratibu, anashika kitasa... umeme ukakatika. Nikabaki naitazama TV nyeusi. Usiku sikulala vizuri, nawaambia ukweli. Marudio ni Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Jumamosi ndiyo leo, na leo ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Mama mkwe naye alishafika jana usiku kutoka Machame, amebeba ndizi mchare za kutosha. Nilikuwa nazipigia hesabu ndizi hizo tangu aliposhuka.

Sala ikaanza saa moja asubuhi. Ilipofika zamu ya maombi ya watu, mwenyekiti wetu, Mama Eliya, akanigeukia.

"Baba Neema, wewe hujawahi kutuletea ombi hata siku moja. Leo tuko kwako."

Mke wangu akanifinya kiunoni. Mama mkwe akaniangalia. Nikatafuta ombi moyoni, nikakuta mtu mmoja tu.

"Tumwombee dada mmoja, anaitwa Rita," nikasema. "Amefiwa na mtoto. Mume amemkimbia. Jana jioni nilimwacha amejifungia jikoni na bastola, polisi wako mlangoni. Sijui kama ameamka." (Hapo sauti ikanikatika. Sikuigiza.)

"Yesu wangu!" wakasema wamama. Mama Eliya akasali mpaka kilemba kikamlegea. Nikafungua jicho moja kuangalia saa, nikakutana na jicho la mke wangu. Limefunguka lote.

Baada ya amina nilidhani yamekwisha. Wapi!

"Huyo dada anakaa wapi?" Mama Eliya akauliza.

"Ni... mbali kidogo."

"Mbali wapi, Kisongo?"

Kichwa kikakubali chenyewe. Hapo ningesema ukweli, lakini ile miaka sita ya mahubiri ikaniziba mdomo.

Jumuiya yetu haijui kumwombea mtu ikabaki imekaa. Wakatawanyika majumbani mwao, wakarudi na sukari, mchele, sabuni za mche, na kitenge kipya. Mama mkwe akainuka polepole, akachukua zile ndizi zote. "Mwenye msiba apikiwe," akasema. Nje bajaji mbili zikawa zimeshaitwa.

Mke wangu akanivuta pembeni.

"Baba Neema. Jana jioni ulikuwa kwa Rita?"

"Sikuwa kwake."

"Umesema ulimwacha jikoni. Mbele ya mama yangu. Na jirani ameniambia siku hizi mapazia yanafungwa saa kumi na moja."

Macho yake yalikuwa yameanza kulowa. Jamani, utani ukaishia hapo. Niliogopa kweli. Wamama wamepanda bajaji, ndizi ziko mapajani, dereva anauliza Kisongo sehemu gani.

"Rita yuko kwenye TV!" nikapiga kelele.

Dereva akazima injini.

Nikaeleza yote, mpaka mapazia. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akanitazama kama anayenunua mbuzi mgonjwa, halafu akauliza, "Anaonyeshwa saa ngapi?"

"Saa tatu, mama."

"Sasa ni saa tatu kasoro dakika tano. Shukeni."

Wakaingia wote kumi na wawili, na madereva wawili wakasimama mlangoni. Sajenti akaongea, kitasa kikazunguka, na Rita akaiweka bastola chini akatoka analia. Mama Eliya akaruka juu: "Maombi yamejibiwa!" Nami nikafuta machozi, maana siri ilikuwa haipo tena.

Nikasimama niwarudishie vitu vyao. Mama mkwe akanizuia mkono.

"Mwanangu, kilichotolewa kwa mwenye shida hakirudi nyumbani. Pokea."

Wakapanga mstari! Mmoja mmoja ananishika mkono, ananikabidhi sabuni: "Pole sana, Baba Neema."

Rimoti sasa iko kwa mke wangu. Jioni hii amepika zile mchare kwa nyama, akatenga sahani ya ziada pembeni yangu. Nikauliza ni ya nani.

"Ya Rita," akasema.

Tafadhali msicheke. Nimeila na hiyo.