Pampu Namba Mbili Imenikataa

Jumatatu, 6 Mei
Kwa majonzi makubwa natangaza: leo saa nne asubuhi, pampu namba mbili ya kituo cha mafuta cha hapa Wirrabilla imenikataa. Naminya kishikio, tak! Inajifunga. Naminya tena, tak! Robo saa, lita mbili. Jirani yangu Clive, pale namba moja, alikuwa anajaza gari lake huku anapiga mluzi. Akauliza kama langu limeanza kufunga saumu. Nikarudisha bomba mahali pake, nikaondoka. Petroli naiogopa tangu utotoni.

Jumamosi binti yetu Tamsin anaolewa, kilomita mia tatu na arobaini kutoka hapa. Njiani hakuna pampu hata moja. Mimi ndiye wa kumshika mkono hadi kwa bwana harusi. Kwa lita mbili, labda nimshike kwa simu.

Jumanne, 7 Mei
Hila ya kwanza. Watu wote hapa hukwamisha kifuniko cha tangi kwenye kishikio cha pampu, ijiminye yenyewe. Nikakwamisha. Nikakimbilia nyuma ya jokofu la barafu, nikaziba masikio. Petroli ikagoma kuingia, ikatapika hadi kwenye viatu vyangu! Shanelle, mwenye kituo, akatoka mbio na ndoo ya mchanga. "Mzee Merv, unataka kutuchoma sote?" Nimerudi nyumbani peku. Clive ameniona.

Jumatano, 8 Mei
Nimebandika barua kali ya malalamiko kwenye pampu. Shanelle akaleta gari lake, akalijaza palepale namba mbili, pomoni. "Pampu haina neno, mzee. Neno unakuja nalo wewe." Anasema kila gari lina bomba dogo la mpira, la kupumulia tangi. Hewa isipotoka, mafuta hayaingii. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Nikamwambia nyigu hawawezi kuwemo. Akauliza nimejuaje. Nikakumbuka nina shughuli nyumbani.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeegesha gari mlimani, pua juu, mke wangu Lorelle kasimama juu ya bampa anarukaruka, mimi namimina kwa dumu. Lita nne. Clive akapita, akasema gari lake lina nafasi ya mtu mmoja, Lorelle akitaka. Na mimi nikikwama nisiwe na wasiwasi, Tamsin atashikwa mkono na yeye.

Yeye! Mtu wa mluzi!

Lorelle akashuka. Akasema akikosa harusi ya mwanawe kwa hila zangu, nitafute pa kulala. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Ijumaa, 10 Mei
Basi, ukweli. Shanelle kaingia chini ya gari, kavuta ule mpira, kachokoa, kikatoka kipande cha sifongo la manjano. Lorelle kakitambua mara moja: sifongo lake la vyombo, lililopotea Machi. Amemlaumu mbwa wetu miezi miwili, maskini.

Nikakiri ni mimi. Machi niliona nyigu anazunguka pale. Nikaogopa asije akajenga, nikaziba mwenyewe, nikajipongeza, nikasahau; mafuta sikujaza tena hadi Jumatatu hii. Jumatano nilipoulizwa nimejuaje, nikakumbuka. Nikanyamaza siku mbili kwa woga. "Kwa hiyo nyigu hakufanya kitu," Shanelle akasema. "Nyigu ni wewe."

Tangi limejaa bila tak hata moja. Nimemwomba radhi Lorelle. Nimemwomba radhi na mbwa.

Jumapili, 12 Mei
Nimemshika Tamsin mkono. Nilitembea nikitazama chini njia nzima. Alininong'oneza, "Usilie, baba." Sikumwambia kuwa mishumaa ilikuwa karibu mno na viatu vyangu, na vile vilivyomwagikiwa petroli ndivyo viatu pekee nilivyo navyo. Lakini machozi yalikuwepo pia.

Tumerudi salama jioni hii. Wakati nafunga geti nikamwona nyigu anachungulia bomba la moshi la gari. Safari hii sikugusa sifongo la mtu, nimeshapata funzo. Nimetumia kiazi.